Kanieneo ya Mvuke kwenye Sufuria ya Fataki: Mafunzo Niliyopata

Sura ya mimumunyo katika kemia huwatoa jasho wengi wetu tunaomaliza sekondari huku Ituri, Kongo, tukitamani udaktari. Ukishapita Mtihani wa Taifa, ule tunaouita Exetat, mara nyingi unakuta mtihani mwingine unakungoja mlangoni mwa kitivo, na humo maswali ya kanieneo ya mvuke, kiwango cha kuchemka na ukolezi hayakosi. Wengi huikariri sura hiyo usiku kucha na kuisahau asubuhi.

Mimi ni mtoto wa Fataki, kwenye milima ya Djugu. Nilianza kujiandaa nyumbani, nikamalizia Bunia, kwa kuwa machafuko yaliyozuka Djugu mwishoni mwa 2017 yaliwahamisha watu wengi. Baadhi walivuka Ziwa Albert hadi Uganda, wengine, tukiwamo sisi, tukaja mjini. Maabara sikuwa nayo, na vitabu vilikuwa haba. Hata hivyo niliielewa sura hii kuliko nyingine zote, na nimeshika imani moja ambayo ningependa kila kijana wa kwetu aishike: kemia ya mimumunyo inahitaji kanuni chache zilizoeleweka barabara, na vitu vya kuzithibitishia kanuni hizo vimejaa majumbani, sokoni, ziwani na hospitalini kwetu. Haya ndiyo mafunzo niliyopata.

1. Anza na kinachotokea juu ya uso wa maji

Kabla ya kugusa fomula, chukua chupa, tia maji hadi nusu, funga kizibo, kisha jiulize kinachoendelea ndani. Molekuli za maji haziendi kwa kasi moja. Zile zilizo usoni na zenye nguvu ya kutosha huchomoka na kuwa mvuke. Nyingine zilizokwisha kutoka hugonga uso wa maji na kurudi. Mwanzoni zinazotoka ni nyingi kuliko zinazorudi. Baadaye idadi hizo mbili zinalingana, na kwa macho utadhani hakuna linalotokea, ilhali kutoka na kurudi kunaendelea bila kukoma. Msukumo wa mvuke katika hali hiyo ya ulinganifu ndio kanieneo ya mvuke.

Ukilielewa hilo, maswali kadhaa yanajijibu yenyewe. Je, kuongeza maji chupani kunaongeza kanieneo? La. Je, chombo chenye mdomo mpana? La, kwa sababu uso mpana unaongeza molekuli zinazotoka na zinazorudi kwa kiasi kilekile. Maadamu kimiminika hakijaisha, yanayoamua ni mawili tu: aina ya kimiminika na joto lake.

Tena joto huamua kwa kishindo. Kanieneo ya mvuke wa maji kwenye nyuzi 25 ni milimita 23.8 za zebaki. Kwenye nyuzi 50 inafika 92.5, karibu mara nne, na kwenye nyuzi 100 ni 760. Anayechora mstari ulionyooka kati ya namba hizo amepotea njia. Mchoro wake unapinda kwenda juu, na hupinda kwa ukali zaidi kadiri joto linavyopanda.

2. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali

Vitabu vingi husema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hiyo ni kweli pale kanieneo ya hewa inapokuwa milimita 760, yaani usawa wa bahari. Kimiminika huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ya hewa inayokigandamiza. Hewa ikipungua uzito, kazi ya kuchemka inakuwa rahisi.

Tazama ngazi tuliyo nayo Ituri. Ziwa Albert liko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya Kasenyi au Tchomia, kwenye ufuo wake, huchemka kwenye nyuzi 98. Bunia iko karibu mita 1,275, na huko huchemka kwenye nyuzi 96 au pungufu kidogo. Fataki iko juu zaidi. Siku moja niliazima kipimajoto cha kioo, nikakining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maharagwe, kisigonge kitako. Maji yalitokota, povu likapanda, na kile kijiti chekundu kikasimama kati ya 94 na 95. Niliongeza makaa. Maji yakaruka zaidi, mvuke ukazidi, lakini kijiti hakikusogea.

Mama alikuwa anatazama. Akaniambia, "Mwanangu, moto mkali unamaliza makaa tu. Maharagwe ya huku yanataka muda." Alikuwa amesema kanuni nzima. Maji yakishachemka, moto wa ziada huwa kazi ya kugeuza maji kuwa mvuke. Hauongezi joto la chakula. Kwa kuwa joto hilo la huku ni la chini kuliko la ziwani, maharagwe hukawia kuiva. Dawa yake ni kuupandisha msukumo ndani ya chombo. Sufuria ya presha inayofikisha msukumo mara mbili ya ule wa usawa wa bahari huyafikisha maji nyuzi 120 kabla ya kuchemka.

3. Beba kanuni chache kichwani

Anayehama kwa haraka habebi maktaba. Nilijionea wanafunzi wengi waliofika Bunia na nguo walizovaa tu, madaftari yao ya miaka sita yamebaki nyuma. Hapo ndipo nilipoona thamani ya kujua jambo ambalo unaweza kulijenga upya kutoka kichwani.

Kwa kanieneo ya mvuke, mlinganyo wa Clausius na Clapeyron unatosha kuchukua nafasi ya jedwali zima. Unasema hivi: logi asilia ya P1 kugawa kwa P2 ni sawa na ΔH kugawa kwa R, mara tofauti kati ya 1/T2 na 1/T1. Kwa maji, namba za kushika ni tatu: huchemka kwenye kelvini 373 pale hewa inapokuwa kilopaskali 101.3, joto la kuvukiza moli moja ni jouli 40,700, na R ni 8.314.

Tuijaribu kwa Bunia, ambako kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 87. Logi asilia ya 101.3 kugawa kwa 87 ni 0.152. Zidisha kwa 8.314, gawa kwa 40,700, unapata 0.0000311. Jumlisha na 1 kugawa kwa 373.15, yaani 0.0026799. Jibu ni 0.002711, na kinyume chake ni kelvini 368.9. Toa 273.15: nyuzi 95.7. Karatasi na kalamu zimekubaliana na namba ya Bunia ya fundisho la pili.

Mtego mkubwa hapa ni vizio. Joto lazima liwe katika kelvini. R ya 8.314 huenda na jouli na paskali. Ile ya 0.082 huenda na lita na atmosfia. Mtunga mtihani huweka kwa makusudi, miongoni mwa majibu ya kuchagua, lile utakalopata ukichanganya vizio. Kwa hiyo kuliona jibu lako limeandikwa pale si ushahidi kwamba uko sawa.

4. Hesabu chembe, usihesabu gramu

François-Marie Raoult, mkemia Mfaransa aliyefundisha Grenoble na kufariki mwaka 1901, alitumia miaka mingi akipima mimumunyo mmoja baada ya mwingine. Kanuni yenye jina lake inasema kwamba kitu kisichovukiza kikiyeyushwa, kanieneo ya mvuke wa kiyeyushi hushuka kulingana na sehemu ya moli ya kiyeyushi iliyobaki. Kila chembe inahesabiwa kama moja, iwe kubwa au ndogo.

Yeyusha gramu 180 za glukosi, yaani moli 1, katika kilo moja ya maji, ambayo ni moli 55.5. Sehemu ya moli ya maji ni 55.5 kugawa kwa 56.5, sawa na 0.982. Kwenye nyuzi 25, kanieneo inashuka kutoka 23.8 hadi 23.4 hivi. Sasa yeyusha gramu 58.5 tu za chumvi ya kawaida, nayo ni moli 1. Chumvi hupasuka kuwa ioni mbili, ya sodiamu na ya klorini, kwa hiyo chembe zinakuwa moli 2, na kanieneo inashuka karibu maradufu ya pale kwa glukosi, ingawa gramu ni chini ya theluthi.

Ndiyo maana swali linalopendwa na watunga mitihani, "panga mimumunyo hii kwa kanieneo ya mvuke", halihitaji kikokotoo. Glukosi hutoa chembe moja, chumvi mbili, kloridi ya kalsiamu tatu. Ukolezi ukiwa sawa, yenye chembe nyingi ndiyo yenye kanieneo ya chini kabisa, na ndiyo itakayochemka ikiwa imechelewa kuliko zote.

Kuna jambo husemwa sana jikoni, kwamba chumvi huongeza joto la maji na kuivisha haraka. Lipime. Gramu 10 za chumvi katika lita moja ni moli 0.17, zidisha kwa 2 kwa ajili ya ioni, kisha kwa 0.512, namba ya maji ya kukokotoa kupanda kwa kiwango cha kuchemka. Unapata nyuzi 0.17, wakati kimo cha Fataki kimekwisha kukunyang'anya nyuzi 5. Kanuni ni ya kweli, ila kiasi chake ni kidogo mno kwa chungu. Mwanafunzi wa sayansi lazima aulize mambo mawili pamoja: je, ni kweli, na ni kwa kiasi gani?

5. Jua mahali fomula inapoishia

Kanuni ya Raoult ni ya mimumunyo miepesi. Maji yakishibishwa chumvi, gramu 36 hivi kwa kila gramu 100 za maji, kanuni inakadiria kwamba kanieneo itabaki asilimia 82 ya ile ya maji safi. Kipimo halisi kinaonyesha asilimia 75. Ioni zikisongamana huvutana na maji kwa nguvu, na hesabu rahisi haitoshi tena.

Hiyo asilimia 75 nimeiona kwa macho yangu. Chumvi ikiachwa wazi wakati wa mvua za milimani hulowa hadi kuchuruzika, na wakati wa kiangazi hukauka tena. Sababu yake ni kwamba unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, mvuke unaoingia kwenye chumvi ni mwingi kuliko unaotoka. Ukipungua, mambo yanageuka. Samaki wa chumvi wanaoletwa kutoka Ziwa Albert huhifadhika kwa msingi uleule. Maji yamo ndani ya nyama, lakini yameshikwa na chumvi kiasi kwamba bakteria wengi hawawezi kuyatumia.

Mfano mwingine ni kaikpo, pombe kali ya kukenekwa ya huku Ituri. Pombe na maji vyote huvukiza, na kwenye nyuzi 25 kanieneo ya mvuke wa ethanoli safi ni milimita 59 za zebaki dhidi ya 23.8 za maji. Kwa hiyo mvuke unaotoka kwenye pipa huwa na pombe nyingi kuliko kimiminika kilichobaki. Kwa Raoult, mchanganyiko wenye sehemu ya moli 0.1 ya ethanoli hutoa mvuke wenye 0.22. Kwa kweli hutoa zaidi ya hapo, kwa sababu molekuli za ethanoli na maji hazikai pamoja kwa utulivu kama kanuni inavyodhani. Tena huwezi kukeneka hadi upate pombe tupu: kwenye asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko mmoja, na ukenekaji wa kawaida hauwezi kuvitenganisha zaidi. Ukiulizwa "kwa nini", anza na nguvu zilizo kati ya molekuli.

6. Ukolezi ni suala la uhai

Nilitaka kuingia kitivo cha tiba, kwa hiyo nilijizoeza kuisoma kila chupa ya serumu iliyotundikwa wodini. Serumu ya chumvi ya asilimia 0.9 ina gramu 9 kwa lita. Gawa kwa 58.5, unapata moli 0.154, zidisha kwa 2, unapata milimoli 308 za chembe. Serumu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 kwa lita. Gawa kwa 180, unapata milimoli 278. Namba hizo mbili zinakaribiana, nazo zinakaribiana na damu yetu. Hilo linatoka moja kwa moja kwenye fundisho la nne: seli nyekundu ya damu haijui gramu, inajua chembe. Ukiiweka kwenye maji matupu itafura na kupasuka; ukiiweka kwenye chumvi kali itasinyaa.

Mfano unaonigusa zaidi ni pakiti ya SRO, dawa ya kunywa kwa mwenye kuhara. Fomula inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 ina, kwa lita moja, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitrati ya sodiamu. Zihesabu chembe zake: glukosi milimoli 75, sodiamu 75, klorini 65, potasiamu 20, sitrati 10. Jumla ni 245, chini kidogo ya damu, ili maji yaingie mwilini kwa urahisi. Nilipoipata jumla hiyo kwa mkono wangu nilifurahi kuliko kupata alama yoyote darasani.

Sasa fikiria mtu akimimina pakiti hiyo katika nusu lita kwa nia ya kuifanya iwe na nguvu. Chembe zinakuwa 490 kwa lita, zaidi ya mara moja na nusu ya damu, na maji yanaweza kuvutwa kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo wa mtoto aliyekwisha kukaukiwa. Kwenye mwambao wa ziwa, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, maneno "pakiti moja, lita moja" ni kemia inayopaswa kujulikana na kila mama na kila baba.

7. Usichokiona wala kukinusa kina kanieneo pia

Huko Mongbwalu, hapahapa Ituri, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga ili kunasa dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu ili zebaki iondoke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, kwa hiyo wengi hudhani ikiwa baridi haina neno. Kanieneo yake kwenye nyuzi 25 ni ndogo kweli, paskali 0.25. Igawe kwa R mara T: moli 0.0001 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa 200.6: gramu 0.02, yaani mikrogramu 20,000 katika hewa iliyoshiba mvuke huo. Shirika la Afya Duniani limependekeza wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 1.

Hiyo ni chupa ya zebaki iliyoachwa wazi katika chumba kilichofungwa, bila moto. Moto ukiwashwa, mvuke unaongezeka mara maelfu, nao hauna rangi wala harufu ya kukuonya. Vijana wa rika letu wanauvuta, na watoto wanaocheza karibu wanauvuta pia. Wako waliopata dhahabu wakapoteza utulivu wa mikono na wa akili. Chombo kilichofungwa kinachopooza mvuke na kuurudisha kuwa kimiminika hupunguza madhara na kuokoa zebaki yenyewe, kwa kanuni zilezile za ukenekaji. Nani atawaeleza, kama si sisi tuliosoma?

8. Kisia kwanza, kokotoa baadaye

Katika mtihani wa kuchagua majibu, dakika ni chache. Kabla ya kuandika namba yoyote niliuliza: jibu linapaswa kupanda au kushuka? Kwa kiasi gani? Mmumunyo wa kitu kisichovukiza hauwezi kuwa na kanieneo kubwa kuliko kiyeyushi safi, kwa hiyo kila jibu lililozidi 23.8 kwenye nyuzi 25 linafutwa papo hapo. Mara nyingi majibu mawili kati ya matano yaliondoka hivyo. Kisha niliangalia kama swali linataka moli kwa lita ya mmumunyo au moli kwa kilo ya kiyeyushi, maana kiwango cha kuchemka na cha kuganda hukokotolewa kwa hiyo ya pili.

Mazoezi tuliyafanya kwa kikundi, ubaoni, mmoja akieleza na wengine wakimhoji. Mtihani ni wa Kifaransa, nasi tulijizoeza kuandika kwa Kifaransa kizuri. Lakini kuelezana tulielezana kwa Kiswahili, na aliyeshindwa kueleza kwa lugha ya nyumbani alirudi daftarini kabla ya kuendelea.

Nilifaulu na kuingia kitivo. Kwa mdogo wangu wa Fataki, Drodro au Mahagi anayejiandaa sasa, ninakuachia zoezi la kuanzia. Kilele cha Margherita, kwenye Ruwenzori mpakani mwa nchi yetu na Uganda, kina mita 5,109, na kanieneo ya hewa huko ni kama kilopaskali 53. Chukua zile namba tatu za fundisho la tatu, fanya hesabu bila jedwali, utafute maji yatachemka kwenye nyuzi ngapi. Ukipata 82 au 83, sura hii ni yako. Nenda ukamfundishe mwenzako.